Suruali ya Pili

Niko na miaka 24 na bado natembea na suruali ya pili kwenye begi. Nilizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung: mwisho wa utumbo mpana ulikosa chembe za neva, kwa hiyo choo hakikusukumwa. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Madaktari walikata kipande hicho, wakaunganisha kilichobaki. Watu hudhani mambo yaliisha hapo.

Nikishuka Voi kutoka Wundanyi, sinywi chai asubuhi. Zile kona hadi Mwatate hazina huruma, na matatu haingoji mtu. Chuo niliacha kwa sababu ya hosteli: wasee 40, vyoo 2, maji ya kubahatisha.

Mama huuliza, "Tumbo je?" Mpenzi wangu ashaliona kovu. Begi bado hajauliza. Akiuliza, nitalifungua.