Mlima Wetu ni Upepo

Waendeshaji baiskeli wa bara hupenda kusimuliana habari za milima. Sisi wa pwani hatuna mlima wa kusimulia. Barabara yetu ya Malindi ni tambarare, ina miinuko michache karibu na madaraja, na mgeni akiitazama hudhani ni raha tupu. Hajakutana na upepo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeingia mwaka wa 44, na huu ni mwaka wangu wa nne wa kuendesha baiskeli ya mbio, ile yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Niliinunua ya mtumba. Siku zangu ni mbili kwa juma, baada ya sala ya alfajiri, na wenzangu ni akina mama wanne wa mtaani pamoja na kaka yangu mdogo. Twaanzia Bamburi, twapita Shanzu, daraja la Mtwapa na Kikambala, na tukijaaliwa hufika Vipingo, penye mashamba ya mkonge, kabla jua halijawa kali. Kwenda na kurudi hazipungui kilomita 50. Mara moja moja hufika Kilifi, tukasimama juu ya hori kuitazama bahari iliyoingia bara, tukanywa madafu, tukageuza.

Mababu zetu mabaharia walipanga safari zao kwa kusi na kaskazi, nasi, bila jahazi, twafanya vivyo hivyo. Msimu wa kusi upepo hukusukuma mgongoni uendapo Vipingo, ukajiona kijana wa miaka ishirini. Wakati wa kurudi walipa deni lote, tena umekwisha choka. Kaskazi ni kinyume chake: tabu kwanza, raha baadaye. Napenda kaskazi, ingawa jua lake halina huruma. Heri kulipa kwanza.

Upepo nao una hesabu zake za ajabu. Siku ya shwari, ukizidisha mwendo wako mara mbili, hewa haikuzuii mara mbili, hukuzuia mara nne. Ndiyo sababu twenda kwa safu, gurudumu nyuma ya gurudumu, umbali wa hatua moja hivi. Wa mbele hupasua upepo na wa nyuma hupumua. Baada ya dakika chache wa mbele hujitoa kando, akaingia nyuma kabisa. Hakuna anayeombwa wala kukumbushwa. Sijui ni mama gani kati yetu aliyezoea kuambiwa nyumbani, "Pumzika nyuma yangu, sasa ni zamu yangu." Barabarani naambiwa hivyo kila baada ya kilomita mbili.

Kuhusu mavazi nimeulizwa mara nyingi, basi nijibu. Baibui halifai, kwani upindo wake huingia kwenye mnyororo na mtu akaanguka. Navaa suruali pana iliyobanwa kifundoni, kanzu nyepesi ifikayo magotini, na mtandio uliofungwa vizuri chini ya kofia ya kinga. Stara ipo, na gurudumu li huru. Walionong'ona kwamba mama mzima hapandi baiskeli hawakukosekana. Mavyaa wangu, Mungu amzidishie afya, alinyamaza miezi sita, kisha siku moja akanivuta kando na kuniuliza kama kile kiti hakiumizi. Nikamjibu kwamba chaumiza sana. Alicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo yeye ndiye wakili wangu.

Minong'ono haivunji mfupa. Malori huvunja. Kuna matrela, matatu yanayokata ghafla kuokota abiria, bodaboda zijazo kinyume, na ukingo wa lami uliomegeka. Upanuzi wa barabara nao umeleta vumbi na michepuko isiyo na alama. Mwaka jana mwendeshaji tuliyefahamiana naye aligongwa na lori kungali giza, akavunjika paja. Hata leo hutembea kwa mkongojo. Jioni ile mume wangu aliniomba niache. Hakuamrisha, aliniomba, na ombi la mtu mpole ni zito kuliko amri.

Nilikaa wiki tatu bila kutoka. Daktari angependa niseme kwamba sukari ndiyo iliyonirudisha, kwa kuwa ilikuwa imeanza kupanda. Kweli ni kwamba nilizikosa zile saa mbili ambazo hakuna aniitaye. Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo, na tukakubaliana masharti: hakuna kutoka kabla ya mwanga, taa nyekundu nyuma hata mchana, fulana za kung'aa, honi ya trela ikisikika, sote twashuka kando ya lami bila kujali nani mwenye haki, na simu kutoka Mtwapa, kwenda na kurudi.

Sasa binti yangu wa miaka 15 ataka kuja nasi. Yeye ndiye aliyenisomea habari za Fariba na Yulduz Hashimi, ndugu wawili wa Afghanistan walioingia mbio zao za kwanza kwa kujificha, wakaihama nchi yao mwaka 2021, na mwaka 2024 wakashindana katika Olimpiki ya Paris. Kila hoja niliyompa baba yake mwaka jana anirudishia mimi neno kwa neno. Baba yake husikiliza akitabasamu, hasemi kitu.

Kwa miezi mitatu nilimfundisha kwenye njia za ndani: kutazama nyuma bila kuyumba, kuonyesha ishara kwa mkono, kubadilisha mpira uliopata pancha. Jumapili iliyopita nilimruhusu hadi daraja la Mtwapa. Nilimweka katikati ya safu. Tulipogeuza, kusi ilikuwa imeshika nguvu, nami nilikuwa mbele nikihema. Nikasikia pumzi zake ubavuni mwangu. "Mama, rudi nyuma," akasema, "ni zamu yangu."

Nilimpisha. Aliongoza kilomita moja na nusu, na katika kilomita hizo nilihesabu malori saba.