Mita Inasoma Ngapi?

Mafundi wetu wana swali ambalo hunivutia kila nikilisikia: "Mita inasoma ngapi?" Hawakuulizi wewe umesoma nini. Wanauliza mita imesoma nini, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokaa na kitabu. Sisi tunaoshinda na vitabu tungeuchukua msemo huu kwa uzito. Kama mita ni msomaji, basi iulizwe kama msomaji mwingine yeyote: umesoma wapi, na lugha yenyewe unaijua?

Nililifikiria jambo hili sana mwaka jana kwa sababu ya steshenari ya dada yangu. Duka zima linategemea kompyuta moja ya mezani, ya mtumba. Inachapa barua na CV, na msimu wa maombi ya vyuo na mikopo vijana hupanga foleni hadi nje. Kijana anayemsaidia dukani alipakua programu ya bure inayoonyesha hali ya mashine. Ikaonyesha kwamba umeme wa volti 12 uko kwenye 8.06, kwa rangi nyekundu. Mjadala ukaisha hapo hapo: pawa saplai inakufa, na ikifa itaondoka na mazabodi. Dada akachukua hela ya tona, akaongeza na sehemu ya kodi ya fremu, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, naenda kununua pawa saplai. Njoo unifungie."

"Dada, subiri kwanza nije na mita."

Hata kabla ya mita, ile namba ilikuwa na walakini. Kiwango cha ATX, ambacho pawa saplai za kompyuta za mezani hufuata, kinaruhusu volti 12 kupanda au kushuka kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Mota ya diski kuu inategemea umeme huo, na prosesa hupata chakula chake hapo hapo kupitia saketi inayoushusha. Ukipungua kwa thuluthi nzima, mashine haiwezi kuendelea kuchapa CV za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hii ilikuwa inachapa, haijizimi wala haikwami. Nilipofungua kasha sikuona kapasita iliyovimba wala harufu ya kuungua.

Nikachukua plagi ya pini 4 iliyokuwa haina kazi, ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano. Mita ikasoma 12.09. Nikamwambia kijana aifanyishe mashine kazi nzito, maana pawa saplai mbovu huweza kuonekana nzima ikiwa imepumzika. 12.04. Waya mwekundu, wa volti 5, ulisoma 5.07. Tukaingia kwenye BIOS: 12.096.

Sasa ile 8.06 ilitoka wapi? Chipu inayopima volti kwenye mazabodi haiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja. Nyingi huishia kwenye volti 4 hivi au chini yake. Kwa hiyo mtengenezaji wa bodi huweka rezista mbili zinazougawa umeme kabla haujafika kwenye chipu. Mmoja atagawa kwa 4, mwingine kwa 6, kila mtu na hesabu yake. BIOS imeandikwa kwa ajili ya bodi ile ile, kwa hiyo inajua izidishe kwa ngapi. Programu ya mtaani haijui, inakisia. Piga hesabu mwenyewe: 12.096 ukigawa kwa 6 unapata 2.016. Zidisha kwa 4, unapata 8.06.

"Kwa hiyo ile nyekundu ni uongo?" dada akauliza.

Nilisita kuiita uongo. Chipu ilisoma sawasawa: 2.016. Aliyeharibu ni mtafsiri, aliyetumia kamusi ya bodi nyingine, kisha akaipaka tafsiri yake rangi ya hatari. Na rangi ndiyo iliyotaka kula kodi ya fremu.

Lakini kwenye orodha ile ile, chini kabisa, kulikuwa na namba nyingine, nyeusi, ambayo hakuna aliyeitaja: betri, 2.41. Programu haikuwekewa kikomo cha betri, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kupiga kelele. Betri ile ndogo ya duara, CR2032, inatakiwa kuwa na volti 3. Nikamuuliza dada, "Asubuhi ukiwasha, tarehe inakuwa sawa?"

"Tarehe? Hiyo naiweka kila siku, mbona. Nisipoiweka tovuti hazifunguki. Juzi wateja wawili wameondoka wakidhani mtandao ni mbovu."

Basi hapo. Jioni huzima mpaka kwenye soketi kwa kuogopa radi, kwa hiyo usiku kucha saa ya mashine hutegemea betri peke yake. Ikichoka, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, na tovuti zenye ulinzi hukataa, kwa sababu kwa tarehe hiyo vyeti vyao vya usalama bado havijaanza kutumika. Dada alikuwa akiishi na ubovu wa kweli kwa wiki kadhaa, ameshauzoea kama mlango unaokwaruza, huku akijiandaa kulipia ubovu ambao haupo. Tuliitoa betri, mita ikasoma 2.4. Mpya ilisoma 3.2. Hela ya tona ikarudi kwenye tona.

Kijana sikumlaumu. Yeye ndiye pekee aliyejisumbua kuitazama mashine. Nilimwonyesha kwenye mipangilio ya programu mahali pa kuandika namba ya kuzidishia, akaandika 6, nyekundu ikatoka. Hakuridhika. Akaweka kidole kwenye mstari mwingine wa ajabu.

"Na hii ya -5 mbona namba yake haieleweki?"

"Umeme huo uliondolewa kwenye pawa saplai miaka mingi. Humu ndani hata waya wake haupo."

"Sasa inasoma nini?"

"Pini ambayo haijaunganishwa popote," nikamwambia, na yeye akarudi kwenye orodha kuanza upya kutoka juu, mstari mmoja mmoja.