Kutoka Ruiru Mpaka Nairobi kwa Gari la Moshi

Mtu akikuambia kwamba anaijua Nairobi, muulize kama amepata kuingia humo kwa gari la moshi la asubuhi litokalo Ruiru. Watu wengi huingia kwa barabara kuu ya Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, nao huuona mji kwa mbele, kama mwenyeji aliyevaa shati safi akasimama mlangoni kukaribisha wageni. Sisi wa reli tuliuona kwa nyuma, mahali panapoanikwa nguo na kumwagwa majivu. Kwa muda wa miaka minne nilikwenda kazini kwa njia hiyo, nami napenda kuwaeleza wasomaji habari za safari ile: raha yake, ambayo ni kidogo, na taabu yake, ambayo si kidogo.

Safari huanza gizani. Kabla ya saa kumi na mbili watu walikuwa wakishuka kutoka mashambani na kwenye vyumba vya kupanga, kila mmoja na taa ya simu yake mkononi, hata ukitazama kwa mbali ungedhani ni wavuvi wanaokwenda ziwani. Wazoefu hawakukimbia huku na huku. Walijua mlango wa behewa gani utasimama mbele ya jiwe gani, wakajipanga hapo kimya. Mgeni alijulikana mara moja, maana ndiye aliyekuwa akitazama saa.

Behewa likijaa huwa limejaa kweli kweli. Nimewahi kusinzia nimesimama, mikono yangu yote miwili imebanwa chini, wala sikuanguka, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuangukia. Mama mmoja mfanyi biashara aliingia na kikapu cha mayai, akakiinua juu ya kichwa chake, na kikapu kile kikasafiri mpaka mjini juu ya mikono ya watu wasiomjua, wala halikuvunjika hata yai moja. Lakini siku hiyo hiyo mtu alitolewa mkoba wake mfukoni, naye hakujua mpaka alipoufikia mlango wa kutokea. Mambo hayo mawili hukaa pamoja katika behewa moja, nami nimeacha kuyastaajabia.

Kulikuwa na behewa la mahubiri pia. Mhubiri aliingia na Kitabu chake, akaanza mara gari lilipotikisika, na abiria wa behewa lile waliimba mpaka mwisho wa safari. Aliyetaka kulala alijua asipande hapo. Behewa la pili yake lilikuwa la wacheza karata, na wakati mwingine, gari liliposimama, nyimbo za upande mmoja na kelele za upande wa pili zilikutana mlangoni, zikampata karani maskini aliyekuwa akijaribu kusoma gazeti lake.

Baada ya Kahawa huja Githurai, na hapo ndipo ningependa msomaji awe nami dirishani. Wachuuzi wa Githurai wameuza bidhaa zao kando ya reli kwa miaka mingi, na wengine huziweka katikati ya reli yenyewe: nyanya, sukumawiki, viatu vya mtumba, ndizi. Gari lilipopiga honi hawakutaharuki. Turubai lilikunjwa, ndoo ikasogezwa hatua moja, mtoto akavutwa mkono, na gari likapita taratibu hata abiria angeweza kunyosha mkono akachukua embe. Behewa la mwisho lilikuwa bado halijaondoka kabisa, na nyuma yake soko lilikuwa limekwisha kurudi mahali pake kama maji. Nimesikia watu wakiwalaumu wachuuzi hao, nao kwa hakika wanacheza na roho zao. Lakini mimi nimekaa katika gari lililokwama saa nzima, nikanunua kwao chai na mkate kupitia dirishani, na siku ile nilimshukuru Mungu kwamba wapo.

Kisha Mwiki, Dandora, Mutindwa, Makadara. Baada ya hapo gari hupita karibu na Makongeni na Landi Mawe, mahali ambapo majina yenyewe yanasimulia habari za reli, kwa kuwa landi lilikuwa neno la nyumba za wafanyi kazi wake. Watu husahau kwamba si Nairobi iliyojenga reli, bali reli ndiyo iliyojenga Nairobi. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, vyuma vikafika hapa mwaka 1899, penye kinamasi na maji baridi, pakafanywa kambi na karakana. Njia hii yetu ilifikishwa Thika mwaka 1913, na katika karatasi za serikali ya wakati ule iliitwa tramu ya Thika. Haikukusudiwa kuwachukua makarani elfu kadha kila asubuhi. Ilitengenezwa kwa ajili ya mazao ya mashamba.

Na hapo ndipo shina la taabu yetu. Reli ni moja tu. Gari la kwenda na gari la kurudi haziwezi kupishana ila penye stesheni iliyo na njia ya pembeni, ambapo moja huingia na kungoja lenzake lipite. Kwa hiyo gari moja likichelewa mahali fulani, la pili pia huchelewa, hata kama halina kosa lolote. Likiwapo gari la mizigo, mambo huzidi. Na injini ikiharibika katikati ya stesheni mbili, hapana la kufanya ila kungoja injini nyingine ije kulivuta lile bovu, nayo haiwezi kuruka juu ya magari yaliyo njiani. Mwenye baiskeli nzuri na mapafu mazuri angeweza kutushinda siku nyingi.

Yako mambo yaliyojaribiwa, nami si mtu wa kukataa jema. Mwaka 2012 ilifunguliwa stesheni mpya ya Syokimau, ile ya njia nyingine ya kusini, na watu wengi waliacha magari yao hapo wakaingia mjini kwa reli. Mwaka 2020 yalinunuliwa magari 11 yaliyokwisha kutumika Hispania, katika kisiwa cha Mallorca, ambayo kila moja lina injini yake ndani. Yaliwezekana kuletwa kwetu kwa sababu reli ya kisiwa kile ina upana wa mita moja kama hii ya zamani ya kwetu. Nilipoona viti vyake vya kitambaa nilidhani nimepotea njia. Lakini kiti kizuri juu ya reli ile ile moja hungoja sawasawa na benchi la mbao.

Sasa nitaeleza kisa cha asubuhi moja ya Jumatatu, katika masika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Siku za namna hiyo matatu huongeza nauli bila haya, bali gari la moshi halijui mvua wala jua, nauli yake ni ile ile. Kwa hiyo tulikuwa wengi kupita kiasi. Karibu nami alisimama mzee mmoja, mkulima wa upande wa juu ya Ruiru, amevaa koti la suti na viatu vya mpira, na kifuani ameshika bahasha ya kaki iliyotiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimpisha mahali pa kuegemea, naye akaniuliza, "Mwanangu, gari hili litafika kabla ya saa tatu?"

Nikamjibu, "Mzee, likienda kama desturi yake, litafika saa moja na nusu."

Akatulia. Akaniambia kwamba ana kesi ya shamba katika mahakama moja ya mjini. Ndugu wa baba yake alikuwa ameandikisha ekari mbili zisizo zake, na shauri hilo lilikuwa limezunguka kwa miaka sita. Wakili alikuwa ametaka fedha asizokuwa nazo, basi akaamua kujisemea mwenyewe. Siku hiyo ndiyo aliyopewa kusikizwa.

Tulipopita Mwiki gari likapunguza mwendo, likasimama. Hakuna aliyeshtuka. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Taa za ndani zikazimika, na madirisha yakajaa mvuke wa pumzi zetu. Hakuja mtu wa kutuambia neno. Na hili ndilo ninalolishitaki kuliko mengine yote, kwamba kuchelewa kwenyewe si taabu kubwa kama kutoambiwa. Mtu akiambiwa kwamba ni saa mbili, atashuka, atatafuta njia. Asipoambiwa, huendelea kufikiri kwamba gari litaondoka dakika ile ile atakayoshuka, naye hukaa, huku siku yake ikimponyoka. Wapo waliodai kwamba injini imekufa, na wengine kwamba reli imezama majini, na mmoja aliyejifanya mjuzi akasema tunangoja gari la mizigo kutoka mjini, ambalo hatukuliona kamwe.

Saa mbili kasorobo mzee akanitazama. Nikasema, "Mzee, tushuke."

Kushuka mahali pasipo jukwaa si jambo la mchezo kwa mtu wa umri wake. Vijana wawili wakampokea kutoka chini, nami nikashika bahasha. Tukafuata reli kwa miguu, yeye akikanyaga mataruma na mimi nikizama katika udongo mweusi ambao hushika kiatu kama deni. Nyuma yetu watu wengine wakaanza kushuka pia, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Tulipoifikia barabara, matatu ya kwanza ilikuwa imejaa, na ya pili ikataka mara mbili ya nauli ya kawaida. Nikalipa ya wote wawili. Kisha tukakaa katika msongamano wa magari, tukiwatazama waendao kwa miguu wakitupita.

Tuliposhuka mjini ilikuwa imekwisha timia saa tatu na nusu. Ofisi yangu ilikuwa upande mmoja, mahakama upande wa pili. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba sikumsindikiza. Nilikuwa nimekwisha kuonywa mara mbili mwezi ule kwa kuchelewa, na mkubwa wangu alikuwa mtu ambaye ukimtajia gari la moshi huangalia dari. Nilimwonyesha mzee njia, nikamrudishia bahasha, naye akaenda akiinua miguu kama mtu avukaye mto, kwa sababu ya matope. Mimi nilipofika ofisini nikakuta daftari la mahudhurio limekwisha kufungiwa kabatini, na mshahara wa nusu siku ukakatwa.

Zilipita kama wiki tatu nisimwone. Halafu asubuhi moja nikamkuta stesheni ya Ruiru, safari hii na magunia mawili ya kabeji ya kupeleka sokoni. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za shauri lake.

"Waliita jina langu saa tatu na dakika kumi," akasema. "Wakaita mara tatu. Mimi niliingia saa nne kasorobo, wakaniambia kesi imetupwa kwa kuwa mlalamikaji hakufika."

"Hukuwaeleza habari za gari?"

"Niliwaeleza. Karani wa mahakama akanijibu vizuri tu, hakunikaripia. Akasema niandike maombi ya kuifufua kesi, nilipie, kisha ningoje tarehe nyingine. Nimekwisha kulipa." Akapiga gunia la kabeji kwa kiganja. "Fedha ndizo hizi."

Nikamwambia kwamba siku hiyo nyingine itakapotajwa, afadhali aingie mjini jana yake, alale kwa jamaa. Akacheka.

"Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" akauliza. "Wewe?"

Gari likapiga honi mbali, upande wa juu. Watu wakasogea kila mmoja penye jiwe lake. Tulisaidiana kupandisha magunia, na mara hii hakuniuliza litafika saa ngapi.