Biryogo Jumamosi, Santuri Mpya Mezani

Kigali huamka mapema na kwa sauti ndogo. Saa kumi na mbili asubuhi ukungu bado umelala mabondeni, upande wa Nyabugogo ambako mabasi ya mikoani hupakia, na juu yake vilima vimeanza kujitokeza kimoja kimoja na mabati yake yanayong'aa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam, aliyezoea jasho linalomtangulia mezani kwa chai, hapa anatafuta sweta. Hewa inanukia mikaratusi, udongo uliolowa na moshi wa mkaa. Wafagiaji wamekwisha kupita, na barabara ni safi kiasi kwamba ukila pipi unabaki na karatasi yake mfukoni ukiona haya.

Usumbufu wa kwanza ni saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo mgeni huwahi kila mahali akakuta milango imefungwa. Wa pili ni barabara: magari hupita mkono wa kulia. Nilikuwa natazama upande nisiotakiwa, mguu tayari umeshuka kwenye lami, mama mmoja mwenye beseni la parachichi kichwani akanivuta shati. "Tazama huku, kaka," akasema kwa Kiswahili, kisha akacheka, na beseni halikutikisika hata kidogo.

Kifungua kinywa nilikipata Nyamirambo, katika mojawapo ya vile vilabu vya maziwa ambavyo kila mji ungestahili kuwa navyo. Unaingia, unakaa kwenye benchi, unaletewa bilauri kubwa ya ikivuguto, maziwa mgando mazito na baridi, pamoja na amandazi ya moto. Wanaume wazima, madereva na mafundi ujenzi, wamejipanga humo na masharubu meupe ya maziwa, wakibishana habari za mpira. Karibu na hapo ni uwanja ambao tangu 2023 unaitwa Kigali Pelé, na mabishano yenyewe yalikuwa ya mechi ya hapo. Redioni gitaa moja jembamba lilikuwa likizungukazunguka chini ya sauti za wanaume wawili. Nikauliza ni nani. Benchi zima likanijibu kwa pamoja: Impala!

Muziki wa bendi za zamani kama hiyo ndio hasa ulionileta. Nilikuwa na mwaliko wa alasiri, wa watu wanaokusanya santuri, kanda na sidii, ambao hukutana kuonyeshana walichonunua karibuni. Begani nilibeba elpii ya Mbaraka Mwinshehe, moja ya zile za mfululizo wa *Ukumbusho* zilizotolewa Kenya baada ya mwanamuziki huyo wa Morogoro kufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Niliinunua Nairobi, Soko la Kenyatta, ambako vibanda vya nyama choma na vya santuri vinapumuliana. Nilijua kwamba huwezi kwenda mikono mitupu kwa watu wa aina hii.

Kwenda mjini nilipanda pikipiki. Motari wa Kigali anakukabidhi kofia ngumu, nawe unaivaa, hata kama ndani ina manukato ya mafuta ya nywele ya abiria wote wa wiki. Halafu mnapanda kilima, mnashuka, mnapanda tena, na kila kona inakufungulia bonde jipya lenye migomba. Nauli nililipa kwa simu, kwa MoMo, huku motari akinieleza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Bukavu kwamba muziki wa kweli ulikwisha Franco wa Kongo alipokufa. Franco alifariki mwaka 1989, na motari mwenyewe alionekana kuzaliwa baadaye.

Mtaa wa Mateus, katikati ya jiji, ndiko muziki unakouzwa siku hizi, ila si kwa sahani. Duka ni meza, kompyuta na kijana. Unampa flashi au kadi ya simu, anakuuliza nafasi iliyobaki, na muziki unapimwa kwa gigabaiti. Kijana niliyemkuta alikuwa pia anauza agasobanuye, filamu za nje zinazosimuliwa upya kwa Kinyarwanda na msimulizi mmoja anayeigiza wahusika wote. Nilimwomba karahanyuze, yaani nyimbo za zamani za Rwanda. Akanijazia Impala, Les Fellows, Nyampinga na Ingeli kwa muda wa kunywa soda. Bei ilikuwa ndogo hata nikaona aibu kwa niaba ya wanamuziki. Majina ya mafaili yalikuwa vurugu tupu: "wimbo 014", "wimbo 015". Nani kapiga gitaa, mwaka gani, studio ipi, hakuna.

Chakula cha mchana ni melanje, na nasema wazi kwamba sijaona mchezo mzuri zaidi mezani. Unalipa mara moja, unajipakulia mara moja, hurudi tena. Basi watu wamekuwa wahandisi. Chini wanatandaza wali, kando yake ndizi na viazi kama kuta, katikati maharage, isombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inabandikwa juu ili isiporomoke, na kipande cha nyama ndiyo paa. Dada aliyekuwa mbele yangu alijenga ghorofa, akaibeba hadi kona ya mbali bila kudondosha punje. Yangu ilianguka njiani. Mhudumu alinikonyeza, akaniongezea viazi.

Mvua ikaja hapo. Mvua ya Kigali haibishi hodi. Pikipiki zote zikapotea barabarani mara moja, na watu wakajibana barazani, mabosi na wapagazi bega kwa bega. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa tangu 2008, na Mbaraka wangu alikuwa ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa umeanza kulegea. Mama mwenye duka la vitenge aliniona nilivyolikumbatia lile jalada, akaniuliza ni nini. Nilipomwambia, aliingia ndani akarudi na kipande cha kitenge cha zamani, akaifunga santuri mwenyewe, mafundo manne. Nilitoa pesa. Akaurudisha mkono wangu. "Utaniletea siku nyingine," akasema.

Biryogo iko kwenye mteremko wa Nyamirambo. Enzi za Wabelgiji ndiko walikokaa Waislamu wengi wa mjini, wafanyabiashara na makarani, na Kiswahili kikapiga kambi. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nchi. Biryogo hawakuwa wamesubiri. Sehemu moja ya mtaa sasa magari hayapiti. Lami imepakwa rangi, meza ziko barabarani, na harufu ya tangawizi kwenye chai inakutangulia mita hamsini. Salamu zinachanganywa: "Asalaam aleikum", "Bite?", "Habari za saa hizi", "Ça va?", na mtu mmoja anaweza kuzimaliza zote kwa pumzi moja.

Ua wenyewe ulikuwa nyuma ya duka la fundi redio. Mwenyeji, mzee aliyestaafu ualimu, watu wakimwita Muzehe, alikuwa ameweka pleya juu ya meza yenye kitambaa cha kushonwa, na spika mbili zikitazama mwembe. Kulikuwa na binti anayepiga muziki kwenye kumbi za jioni, fundi redio, mama mmoja wa makamo na vijana kadhaa waliokaa kwenye kreti za soda. Sheria ni chache. Kilichonunuliwa karibuni ndicho kinachoanza. Bei haiulizwi mpaka upande wa kwanza umalizike. Anayeongea juu ya gitaa anatozwa chai.

Fundi alianza na santuri ndogo ya Orchestra Super Mazembe, Wakongo waliohamia Nairobi mwaka 1974 wakawafundisha Wakenya kucheza. Ilikuwa na mkwaruzo uliorudi kila mzunguko, tak, tak, na yeye akautetea: ndio ushahidi kwamba ilichezwa. Binti akacheka, akatoa yake. Elpii mpya, karatasi ya nailoni bado imeshika jalada: *Rwanda, You Should Be Loved* ya The Good Ones, ya mwaka 2019, iliyotolewa na lebo ya Anti- ya Los Angeles. Alikata nailoni kwa ukucha, polepole, akaitoa sahani kwa viganja viwili bila kugusa mistari, akainusa.

Hapa mgeni lazima ashangae. The Good Ones ni wakulima wa Rwanda. Rekodi hiyo ilifanyika shambani kwa Adrien Kazigira, waimbaji na magitaa, na vitu vya nyumbani vikigeuzwa ngoma. Albamu yao ya kwanza, ya 2010, inaitwa *Kigali Y' Izahabu*, Kigali ya dhahabu. Na bado mtu wa Kigali akitaka sahani yao, anaagiza ng'ambo na kulipia ndege. Sauti imetoka kilimani, imevuka bahari, imerudi na stempu za forodha. Binti hakuona ajabu. Aliniambia kwamba karibu kila kitu cha Rwanda alicho nacho kimenunuliwa kwa wageni.

Muzehe akaitikia kwa kichwa, akaleta sidii ya Cécile Kayirebwa, *Rwanda*, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1994. Kayirebwa aliondoka nchini mwaka 1973 akaishi Ubelgiji, na wakimbizi wa Kampala, Bujumbura na Bukavu walimjua kwa kanda zilizonakiliwa mpaka sauti ikawa kivuli. Mpwa wa Muzehe aliipata Brussels. Mzee alikuwa nayo kwa kanda miaka yote. Sasa anasikia maneno aliyokuwa akiyabuni. Kutoka hapo mazungumzo yakaingia kwa Hugh Tracey, aliyerekodi ngoma na waimbaji wa mfalme wa Rwanda mwaka 1952, na kwa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambalo miaka michache iliyopita liliikabidhi Rwanda nakala za kidijitali za rekodi zaidi ya 4,000 za muziki wa asili. Vijana wakashangilia. Fundi akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini safari ilichukua muda mrefu hivyo.

Mama wa makamo alikuwa kimya. Alipofikiwa, alitoa kanda, TDK ya dakika 90, mwandiko wa kalamu ya bluu umefifia: Impala. Aliinunua wiki ile kwa mtu aliyekuwa anahamisha nyumba. Utepe ulikuwa umelegea. Fundi akachukua kalamu ya biki, akaitia kwenye tundu, akazungusha hadi ukakaza. Tukasikia kwanza mvumo, halafu mtangazaji wa Radio Rwanda nusu sentensi, halafu magitaa yale ya asubuhi. Sauti ya André Sebanani ikaingia. Aliimba, na aliigiza katika michezo ya redio. Aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ndivyo alivyouawa pia Sipiriyani Rugamba, mtunzi wa kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, pamoja na mkewe na watoto wao sita, tarehe 7 Aprili. Mama alisema alikuwa na kanda hii hii nyumbani kwao kabla ya vita, ila upande wa pili ulikuwa na nyimbo nyingine. Hakusema zaidi. Aliigiza magitaa kwa vidole kwenye paja, akatabasamu pale wimbo ulipobadili mwendo, na vijana wa kwenye kreti wakaimba naye kila neno.

Adhana ya alasiri ilipolia, Muzehe aliinua mkono, fundi akazima, na uani tukasikiliza msikiti mpaka ulipomaliza. Kisha zamu yangu. Mbaraka alipoingia na tarumbeta zake, fundi aliruka, na mimi nikatozwa chai kwa sababu nilikuwa wa kwanza kuongea juu ya gitaa.

Jioni tulihamia barazani. Mishikaki ya mbuzi, ambayo huku ni brochette, ikaja na viazi vya kuchoma na pilipili iliyotutoa machozi, taa za vilima zikawaka pande zote, na mabishano ya Mazembe na Impala yakaendelea bila mshindi. Baa na kumbi hapa hufungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki, utaratibu wa tangu Septemba 2023, na unafuatwa. Mtu wa Dar ataona ni mapema. Usingizi wake utashukuru.

Ukienda, ulizia tarehe kwanza: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, siku ya kazi ya pamoja, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi mji mzima uko kwenye majembe na mafagio. Na kabla hujaenda, fungua lile sanduku lililo juu ya kabati la babu. Tangu 1959 Wanyarwanda wengi wamekimbilia Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na walikuja na redio zao na kanda zao. Ukikuta kanda yenye jina la Kinyarwanda, usiirekodi juu wala usiitupe. Biryogo kuna watu watakaoipokea kwa mikono miwili, na chai watalipa wao.