Swali la Binti Yetu

Binti yetu aliporudi Katoro likizo iliyopita, badala ya sato tuliyomwagiza kutoka Mwanza alikuja na dodoso. Yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya uandishi wa habari, na chuo kimemtaka afanye utafiti. Alichagua kuchunguza namna habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa zilivyotangazwa, na namna wasikilizaji wa kawaida walivyozipokea. Akasema ataanza na sisi wazazi wake, kwa kuwa duka letu liko kando ya soko na redio yetu haizimwi tangu alfajiri.

Tukiri kwamba masomo hayo hatukuyapenda. Tulitamani awe muuguzi. Waandishi tuliowazoea hapa mjini ni vijana wanaolipwa kwa kila habari inayotoka. Isipotoka, mafuta ya pikipiki ni hasara yao. Ami yake alivuka mipaka, akasema kupeleka maneno hakuhitaji darasa. Tulimjibu kwamba Nyegezi watu wanafundishwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na kwamba Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, imeleta sharti la stashahada. Alinyamaza, lakini hakuridhika. Nasi, kwa kweli, tulikuwa tukimtetea binti kuliko kuyatetea masomo.

Basi tukaketi uani baada ya swala ya Isha, naye akaanza kuuliza. Tulikumbuka mengi. Tulikumbuka miaka ya 2007 na 2008, Geita ikiwa bado mkoani Mwanza, jinsi kila wiki ilivyokuja na habari ya kutisha. Tulikumbuka Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama na kuwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, hapa jirani kabisa. Tulikumbuka pia Februari 2015, pale mtoto wa mwaka mmoja aliponyakuliwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, mama akikatwa mapanga katika kumpigania.

Kisha, bila kuulizwa, tukataja bei. Tulisema kiungo kimoja kilikuwa kikiuzwa kwa fedha kadhaa, na mwili mzima kwa fedha kadhaa, nasi tuliitaja kwa uhakika kama tunavyotaja bei ya kilo ya sukari.

Binti akaacha kuandika. "Baba, mama, nani aliwaambieni?"

Tulisema ni redio. Akauliza redio ipi, na aliyesema alimnukuu nani. Mmoja wetu akasema labda ni gazeti. Mwingine akasema ni wateja, wachimbaji waliokuwa wakipita dukani. Akauliza tena: yupo yeyote kati yao aliyemwona mtu akilipwa? Hatukuwa na jibu. Tumekulia katika madrasa ambamo hadithi huulizwa isnadi yake kabla ya matini. Tunajua Suratul Hujurat inavyotuamuru kuichunguza habari ya mtu fasiki kabla ya kuifuata. Kumbe kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa wapokezi wa bei isiyo na mpokezi wa kwanza.

Akatueleza jambo linalowashughulisha yeye na wenzake darasani. Mwandishi anapotangaza bei anakusudia kuonyesha ubaya wa biashara hiyo, lakini katika eneo hili la dhahabu, ambako vijana hulala njaa mashimoni wakingoja bahati, bei hiyo inaweza kusikika kama tangazo la kazi. Hakusema ndivyo ilivyotokea. Alisema ndilo analolichunguza.

Akatusimulia habari za Vicky Ntetema wa BBC, ambaye mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akawaendea waganga wa kanda hii na kuyasikia mwenyewe waliyokuwa tayari kuyafanya. Alipotangaza, vitisho vilimlazimu kujificha. Mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya ujasiri kwa wanahabari wanawake. Binti aliyasema hayo macho yakimng'aa. Sisi tulitazamana. Mzazi asikiapo kisa kama hicho, tuzo haioni. Huona yale maficho.

Usiku huo usingizi ulichelewa kwa sababu nyingine. Tunaye jirani mwenye mtoto mwenye ualbino. Kwa miaka kadhaa mama huyo amekuwa akimpeleka mtoto madrasa mwenyewe na kumngoja nje hadi atoke, huku tukimwona ana wasiwasi uliopita kiasi. Ni mteja wetu. Ile bei tuliizungumza mbele ya kaunta yetu mara ngapi naye akipimiwa unga?

Asubuhi binti alimwendea kwa shikamoo na adabu zote, akamwomba mahojiano. Mama alikataa. Binti alimshukuru, akamsaidia kubeba ndoo ya maji, akarudi. Katika dodoso lake ameandika tu kwamba mhojiwa mmoja hakuridhia.

Sasa amekwisha rejea chuoni. Tulipompigia simu Ijumaa iliyopita alisema mwalimu anayemsimamia amezirudisha kurasa zake na alama ya kuuliza pembeni: mbona wahojiwa wanaizungumzia bei ukurasa mzima, na kiwango chenyewe hakimo? Binti amejibu kwa maandishi sababu za kukiacha. Anasubiri. Ada ya muhula wa mwisho tumekwisha ituma.