Paka Asiye na Barua

Mdahalo ule nilishinda. Naanza na hilo kwa sababu darasani kwetu wapo wanaoniita Tausi mpaka leo, na wanadhani wananisifia.

Mada aliileta mhadhiri wetu wa elimu jumuishi: wanyama wa faraja waruhusiwe kwenye ndege na sehemu za umma, au wasiruhusiwe? Nilipangiwa upande wa kupinga. Kwa waliokosa kipindi, mnyama wa faraja siyo yule mbwa anayemwongoza mtu asiyeona. Yule amefundishwa kazi. Huyu wa faraja hajafundishwa chochote, kazi yake ni kuwepo tu, ili mwenye hofu au huzuni amshike, atulie. Marekani wana sheria ya mwaka 1986 inayokataza mashirika ya ndege kumbagua abiria mwenye ulemavu. Kwa kanuni zake, kwa miaka mingi mnyama wa faraja alipanda bure, mradi mwenyewe awe na barua ya mtaalamu wa afya ya akili.

Basi nikawapa tausi. Januari 2018, uwanja wa ndege wa Newark, mwanamke mmoja alifika na tausi wake aitwaye Dexter, akisema ndege wake ana tiketi yake. Tausi mzima, na mkia wake! Wakamkatalia. Darasa lilicheka mpaka mhadhiri akagonga meza. Nikaongeza jinsi barua zilivyokuwa zinauzwa mtandaoni kwa watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya mtaalamu yeyote, na mbwa walivyong'ata abiria. Nikafunga na kanuni iliyoanza kutumika tarehe 11 Januari 2021: mnyama msaidizi ndani ya ndege ni mbwa tu, aliyefundishwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, matatizo ya akili yakiwemo. Wa faraja, shirika linaweza kumhesabu kama paka yeyote wa nyumbani na kumtoza nauli.

Makofi. Halafu mkono ukanyooshwa mstari wa tatu. "Na kama mtu hana barua?"

Nikajibu papo hapo, "Basi anunue mdoli." Makofi tena.

Aliyeuliza tulikaa naye chumba kimoja mwaka wa kwanza. Semista ya pili alifiwa na mama yake. Akaenda kuzika, akarudi kabla hata arobaini haijafika, maana majaribio hayamsubiri mtu. Mchana alikuwa mzima kabisa, anacheka, anakopesha hadi sukari. Usiku nilimsikia kitanda cha juu, anajigeuza tu mpaka adhana ya alfajiri.

Ndipo akaja paka. Mweusi, mwembamba, aliingilia dirishani wiki ile bumu lilipoingia, tukamwita Bumu. Kama bumu lenyewe, hukujua ataonekana lini na atakaa siku ngapi. Lakini akazoea. Akawa analala kifuani kwa mwenzangu, na mwenzangu naye akaanza kulala. Wiki ya pili akaanza kula. Wiki ya tatu akarudi kwenye vipindi vya saa moja asubuhi, jambo ambalo hata mimi nisiyefiwa lilinishinda.

Sasa, mimi nina pumu. Manyoya yalinibana. Kuna usiku niliamka mara tatu kutafuta dawa yangu ya kuvuta, nikakaa dirishani napumua kama nimekimbizwa. Hilo silitungi ili nijitetee. Ila kinywa nilikuwa nacho, na sikumwambia. Niliona aibu kumwambia mtu aliyefiwa kwamba kinachomlaza yeye ndicho kinachoniamsha mimi. Nikaenda kwa matroni nikasema jambo moja tu: chumbani kwetu kuna paka. Ya msiba sikuyataja. Mlinzi alikuja na kiroba, mwenzangu akiwa kwenye lekcha.

Alirudi jioni na dagaa kwenye karatasi. "Bumu yuko wapi?"

"Sijui," nikasema.

Baada ya mdahalo nilirudi kusoma zaidi, safari hii bila kutafuta vichekesho. Nikakuta kwamba Marekani hiyohiyo, mabwenini mambo ni tofauti na kwenye ndege. Chuo Kikuu cha Nebraska kule Kearney kilimkatalia mwanafunzi mwenye matatizo ya wasiwasi kukaa na mbwa wake mdogo. Mwaka 2013 mahakama ikasema nyumba za wanafunzi nazo ni makazi, sheria ya makazi inazihusu. Mwaka 2015 kesi ikaisha kwa makubaliano, chuo kikalipa dola 140,000.

Kuhusu ndege sijabadilika. Mwenye pumu aliyefungwa mkanda kwenye kiti cha katikati hana pa kwenda, na kila barua ya kununua inamfanya mwenye mbwa wa kweli atazamwe kama tapeli. Lakini chumba siyo ndege. Chumbani tulikuwa tunaishi. Vyumba vyenye nafasi vilikuwepo, mmoja wetu angeweza kuhama, tena ningehama mimi bila kinyongo. Barua ambayo ingemlinda hakuwa nayo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwandikia wala wa kuipokea. Aliyejua kila kilichopaswa kuandikwa humo nilikuwa mimi, kitanda cha chini.

Nimempa asome haya kabla sijayapeleka kwa mhariri. Alisoma kimya, akarudia ukurasa wa pili, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Umekosea," akasema. "Hakuwa mweusi. Alikuwa wa kijivu, na sikio moja lilikuwa limechanika."

Nikamwambia nitarekebisha. Akasema hapana, niache hivyohivyo, wasomaji waone kwamba sikuwahi kumwangalia.