Kitako Cheusi cha Nyanya Zako

Tukuyu

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua haijakatika, chai inachumwa, na mama yako nilimwona Jumapili, ni mzima.

Picha za nyanya zako za Ilula nimezitazama sana. Ule weusi wa kitakoni si ukungu, na dawa uliyopiga mara tatu imekula fedha yako bure. Matunda yamekosa kalsiamu. Nilipokuuliza umeweka mbolea gani, ukajibu, "Urea, Mjomba, na juu yake nikaongeza Urea." Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Wakulima tunatazama wingi wa naitrojeni mfukoni, na Urea ina asilimia 46, basi tunaikimbilia. Lakini mzizi hupokea naitrojeni kwa sura mbili hasa: naitreti au amoniamu. Amoniamu ina chaji chanya, sawa na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Ikijaa kwenye mzizi, wenzake hao hubanwa mlangoni. Tena mzizi unapoipokea hutema tindikali kwenye udongo unaougusa. Naitreti ina chaji hasi. Ikiingia huandamana na kalsiamu na potasiamu, na tindikali pale kwenye mzizi hupungua.

Urea yako hugeuka amoniamu ndani ya siku chache. Bakteria ndio huigeuza kuwa naitreti baadaye, na kazi hiyo nayo huzalisha tindikali. Kwenye udongo wenye tindikali kali au uliotuama maji, kazi hiyo huenda polepole mno.

Sikufundishi kuichukia amoniamu. Chai yangu huipenda kuliko naitreti. Na kwenye udongo wenye chokaa nyingi, tindikali ya mzizi hufungua fosforasi iliyonaswa na kalsiamu. Lakini nyanya si chai, wala mahindi si chai. Mimi niliweka SA (salfeti ya amonia) kwenye mahindi miaka mingi mfululizo bila chokaa. Siku nilipong'oa mche nilikuta mizizi mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Ilikuwa alumini: pH ya udongo ikishuka chini ya 5.5 huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Shamba lile liliniuma sana, nami sitaki hayo yakukute.

Sasa acha Urea msimu huu. Kukuzia, weka CAN (kalsiamu amonia naitreti), ambayo nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, au kalsiamu naitreti kuanzia maua yanapotoka. Mwagilia kwa mpangilio. Usiache udongo ukauke kisha ukaufurikisha, maana kalsiamu hupanda na maji, na majani huvuta maji mengi kuliko tunda. Kabla ya kupanda tena, peleka udongo ukapimwe, ndipo tujue kama unahitaji chokaa na kiasi gani.

Yaliyokwisha kuoza hayaponi, yachume. Vichala vinavyofuata vikianza kufunga, nitumie picha.

Mimi mjomba wako